Ardhi ya Kyela na Mabaraza Yake

Ardhi ya Kyela haitulii. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikiwa imebeba udongo, hufika tambarare ikapoteza kasi, na kila masika huacha tope jipya upande mmoja na kumega kingo upande wa pili. Mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ifikapo Aprili, sehemu kubwa ya tambarare kati ya Ipinda na Ziwa Nyasa huwa chini ya maji, na shamba la mpunga lililokuwa na mpaka wa wazi mwezi Machi huweza kuibuka Juni likiwa limefunikwa mchanga, au limekatwa vipande viwili na mkondo ambao haukuwapo. Mahali pa namna hii, suala la nani alime wapi, nani ajenge wapi na nini kiachwe wazi haliamuliwi mara moja likaisha. Hurudi kwa kila kizazi, na mara nyingine kwa kila masika.

Ndiyo maana historia ya mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ukiitazama kutoka shambani, ni historia ya watu kukutana na kubishana juu ya ardhi. Kwanza walikutana mbele ya malafyale, yaani chifu, na mafumu wake, wakuu wa vijiji. Baadaye walikutana, au hawakukutana, mbele ya maofisa wa Kijerumani na Kiingereza. Siku hizi hukutana katika mkutano mkuu wa kijiji, na mwenyekiti, mtendaji na afisa ardhi kutoka halmashauri wakiwa meza ya mbele. Ninaamini kwamba tofauti kubwa kati ya mikutano hiyo yote ni wakati ilipoitishwa: kabla mstari haujachorwa, au baada.

Joseph Thomson, Mskochi aliyekuwa akisafiri kwa niaba ya Royal Geographical Society ya London, aliingia nchi ya Wanyakyusa, wenyeji wa mwambao huu, mwaka 1879 baada ya safari ndefu kutoka pwani. Alishangazwa na alichokiona: migomba iliyopangwa, nyumba safi, viwanja vilivyofagiliwa, vivuli vya miti mikubwa ambapo wanaume walikaa wakizungumza. Aliandika kana kwamba amefika bustani iliyojiotea yenyewe. Hakuona kwamba mpangilio ule ulikuwa umeamuliwa. Kila safu ya migomba ilisimama pale iliposimama kwa sababu watu fulani walikuwa wamekaa, wakajadiliana na kukubaliana kwamba hapa ni makazi, pale ni malisho, na kule bondeni ni mashamba ya vijana watakaooa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wa pekee, nao umefanya jina la Wanyakyusa lijulikane katika vyuo vikuu vya dunia. Kijiji kilikuwa cha watu wa rika moja. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na mmoja aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake kujenga vibanda pembeni ya kijiji cha wazazi. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, kwa zamu, lakini kulala, kuzungumza na kufunzana walifanya wao kwa wao. Walipooa, wake zao walikuja kukaa pale, na kijiji cha vijana kikawa kijiji kamili. Maisha ya pamoja ya watu wanaoelewana, ambayo Wanyakyusa huyaita ukwangala, yalihesabiwa kuwa jambo jema kuliko mali.

Lakini vijiji vya vijana vingepata wapi ardhi, na wazee bado wamekaa juu yake? Jibu lilikuwa ubusoka. Takriban mara moja katika kizazi, watoto wakubwa wa malafyale walipokuwa watu wazima kamili, nchi nzima iliitwa. Malafyale mzee aliwatoa hadharani wanawe wawili wakuu, nchi ikagawanywa pande mbili, na kila upande ukapewa vijiji vyake na mafumu wake. Mafumu hakutoka ukoo wa malafyale. Alichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa ardhi kwa watu wa kijiji chake na kusimamia mipaka. Wazee walisogea kando wakayaacha mashamba bora kwa kizazi kilichokuwa kikiinuka. Mipaka mipya ilijulikana kwa sababu watu wazima wote wa kiume walikuwapo ilipotangazwa, kila mmoja akawa shahidi wa mwenzake.

Shughuli hiyo ilikuwa na uzito wa ajabu. Ugavi wa ardhi ya nchi nzima, makazi, mashamba na malisho, ulifanywa upya mchana kweupe, na wenye kuachia ardhi wamesimama mbele ya wenye kuipokea. Sijui utaratibu wa mipango wa nchi yoyote ya leo unaomtaka mwenye shamba zuri asimame hadharani na kulikabidhi kwa kijana wa jirani yake.

Malafyale naye hakuwa na mkono mrefu. Mwanamume asiyeridhika na mafumu wake, au aliyeona majirani wamemchukia, alifunga mizigo akahamia kijiji kingine au kwa malafyale mwingine. Ardhi aliyoiacha ilirudi mikononi mwa kijiji. Kwa kuwa watu walikuwa wachache na ardhi ilikuwa tele, kiongozi aliyegawa kwa upendeleo aliishia kuwa na nchi isiyo na watu. Tena kulikuwa na pumzi ya watu. Wanyakyusa waliamini kwamba manung'uniko ya majirani yaliyo ya haki, hata yakiwa ya chinichini, huweza kumshukia mkosaji kama ubaridi mwilini na kumletea homa. Mtu aliyesogeza mpaka usiku, au aliyekula peke yake mavuno ya shamba alilopewa na wenzake, hakuogopa mgambo. Aliogopa yale waliyokuwa wakiyasema wenzake chini ya mti.

Haitufai kuupamba utaratibu huo. Wanawake, waliopanda, kupalilia na kuvuna, hawakuwa na sauti katika ugavi. Mjane alirithiwa na ndugu wa mumewe pamoja na mashamba aliyoyajua kuliko mtu mwingine yeyote. Tuhuma za uchawi zilitumika kumwondoa kijijini mtu asiyetakiwa, na kuondoka kwake kulimaanisha kupoteza ardhi. Pumzi ya watu iliweza kumshukia asiye na hatia. Hata hivyo, kanuni ya msingi ilikuwa bora kuliko nyingi zilizofuata: ardhi iligawanywa mbele ya wale watakaoishi na matokeo ya ugavi huo.

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland. Sehemu moja ya mkataba ule iliamua kwamba mpaka kati ya himaya zao ufuate ufuo wa Ziwa Nyasa hadi kwenye mdomo wa mto Songwe, kisha upande na mto. Hapakuwa na mtu wa mwambao huu mezani. Wangonde wa Karonga, katika Malawi ya leo, na Wanyakyusa wa Kyela, walioelewana kwa lugha na waliooana, waliwekwa chini ya bendera mbili kwa mto unaohama kitanda chake kila mvua zinapokuwa kubwa. Ubishi juu ya ziwa lenyewe, kama mpaka uko ufuoni au katikati ya maji, ungali haujafungwa kati ya Tanzania na Malawi. Mstari uliochorwa bila kusikiliza watu umesumbua serikali kwa zaidi ya karne moja.

Wamisionari wa Berlin na Wamoravian waliwasili mwaka uliofuata, 1891, wakajenga milimani kwanza, kisha wakashuka hadi ziwani, Ikombe na Ipyana. Walipewa ardhi na machifu ambao, kwa desturi yao, walidhani wanampokea mgeni atakayeishi nao kwa masharti ya kijiji. Vituo vikawa na mipaka yake na kanuni zake za nani ajenge wapi na aishi vipi. Mkristo aliyehamia kituoni alitoka chini ya mafumu wake akaingia chini ya mchungaji. Kwa mara ya kwanza katika tambarare hii palikuwa na vipande vya ardhi ambavyo ubusoka haukuweza kuvigusa.

Kisha ikaja Amri ya Kaisari ya Novemba 1895, iliyotangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Amri hiyo ilifuatana na maagizo yanayofanana kwa sura na mabaraza ya leo. Kabla ya ardhi kutolewa kwa mlowezi, tume ya ardhi ilipaswa kufika mahali penyewe, kuuliza wenyeji, na kuwatengea eneo la kutosha kwa ajili yao na watoto wao. Kipimo kilichowekwa kilikuwa mara nne ya eneo lililokuwa likilimwa wakati huo. Kwenye karatasi kinaonekana cha ukarimu. Lakini aliyeamua shamba lipi linalimwa na lipi ni pori ni ofisa mgeni aliyepita siku chache, asiyejua kwamba pori lile ni shamba lililopumzishwa, au ni ardhi inayongoja vijana wa kijiji cha pembeni watakapotoka. Tume ilisikiliza ikiwa tayari imekwisha kuamua kwamba ardhi ni ya Kaisari. Kyela ilisalimika kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mbu na mafuriko: walowezi walipenda ubaridi wa milimani, si joto la ziwani.

Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walitunga Sheria ya Ardhi ya 1923. Ardhi yote ikawa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa ili haki ya jamii za Kiafrika zinazotumia ardhi kwa mila zao itambulike. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1926, Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia machifu. Serikali ilitaka machifu wachache wanaojulikana, wenye ofisi, karani na mahakama. Mafumu wengi, ambao ndio waliokuwa wakigawa ardhi, hawakuingia kwenye orodha ya mishahara. Ugavi ukaanza kuhama kutoka chini ya mti kwenda mahakama ya chifu, na kutoka mikononi mwa wengi kwenda kwenye daftari la mmoja.

Wakati huohuo ziwa lilikuwa likipanda. Kuanzia 1915 hadi miaka ya 1930 maji ya Ziwa Nyasa hayakuwa yakitoka kwa kawaida kupitia mto Shire upande wa kusini, kwa sababu njia ilizibwa na mchanga na matete. Kina kikapanda kwa zaidi ya mita tano. Kwa mtu wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, hiyo ilikuwa hasara ya ufuo. Kwa mtu wa tambarare ya Kyela, mahali ambapo mwinuko hauonekani kwa macho, mita moja ya maji humeza mashamba mengi. Watu waliosukumwa na ziwa walihitaji kupokelewa na vijiji vya nyuma yao. Utaratibu wa zamani ulijua kufanya kazi hiyo, kwa sababu uliichukulia ardhi kuwa ya kijiji na si ya mtu. Ila ulipohitajiwa kuliko wakati wowote, ulikuwa umeanza kufa.

Tunajua jinsi ulivyokufa, kwa sababu kulikuwa na watu walioandika. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, waliishi kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hadi 1938. Mwaka 1938 Godfrey alichapisha utafiti mfupi juu ya haki za watu binafsi za ardhi miongoni mwa Wanyakyusa. Alionyesha kwamba mtu alikuwa na haki imara juu ya shamba lake maadamu ni mwanakijiji, na kwamba haki hiyo ilitokana na kukaa kwake na wenzake. Godfrey alifariki 1944. Monica aliendelea, na kitabu chake cha 1951, *Good Company*, kikawa ndicho kilichoijulisha dunia juu ya vijiji vya rika. Miaka michache baadaye mwanaanthropolojia mwingine, P. H. Gulliver, alifika, na ripoti yake ya 1958 inasomeka kama hati ya mirathi. Kahawa milimani na mpunga bondeni vilikuwa vimeipa ardhi bei. Vijana walikwenda migodini Copperbelt na Afrika Kusini, wakarudi na fedha, wakajenga nyumba za tofali. Mtu aliyejenga nyumba ya tofali na kupanda mibuni hakuwa tayari kuhama ili kumpisha kijana wa ukoo mwingine. Aliwaachia wanawe. Ardhi iliyokuwa ikizunguka kati ya marika ikaanza kushuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na ubusoka ukabaki sherehe isiyo na mashamba ya kugawa.

Siwalaumu waliokataa kuhama. Mti wa kudumu hubadilisha kila kitu. Ila pengo lilibaki: hapakuwa tena na mkutano ambao wote waliukubali kuwa na haki ya kusema ardhi hii itumike hivi. Na bila mkutano wa namna hiyo, serikali hupanga peke yake. Wameru walilionja jambo hilo mwaka 1951, walipoondolewa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, wakampeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kulalamika. Kesi ya Wameru ilifundisha Tanganyika nzima kwamba ardhi inayopangwa bila wenyewe kusikilizwa huzaa siasa.

Uhuru ulipokuja, utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Malafyale akabaki na heshima ya kijamii, bila mamlaka ya ardhi. Mwishoni mwa 1973 serikali iliagiza Watanzania wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini ifikapo mwisho wa 1976, na Sheria ya Vijiji ya 1975 ikavipa vijiji uhai wa kisheria: mkutano mkuu wa watu wazima wote na halmashauri ya kijiji. Sehemu nyingine za nchi watu walipakiwa kwenye malori na nyumba zao kubomolewa. Katika maeneo yaliyokuwa yamejaa watu tayari, kama milima ya Kilimanjaro na nchi ya Wanyakyusa, kazi kubwa ilikuwa kuchora mipaka ya vijiji juu ya makazi yaliyokuwapo. Sheria hiyo ilileta jambo ambalo ubusoka haukuwa nalo: mwanamke mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu sawa na mwanamume. Kusema na kusikilizwa kulikuja polepole sana, lakini mlango ulifunguliwa hapo.

Vurugu ya haki iliyotokana na uhamishaji huo iliiandama nchi kwa miaka 20. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, Profesa Issa Shivji akiwa mwenyekiti. Tume ilizunguka mikoa yote ya Tanzania Bara, ikafanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200. Kati ya mabaraza yote ya ardhi yaliyowahi kufanyika nchini, naona hilo ndilo kubwa kuliko yote. Watu walisimama wakasema mashamba yao yaligawiwa kwa nani, na nani alitia saini. Tume ilipendekeza ardhi ya kijiji isiwe chini ya Rais bali chini ya mkutano mkuu wa kijiji wenyewe. Serikali ilikataa. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 iliiacha ardhi yote kuwa ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Mwezi Desemba 1994, katika kesi ya Akonaay, Mahakama ya Rufani ilikwisha kutamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, haiwezi kufutwa kwa sheria ya Bunge bila fidia. Wanawake nao walijipanga. Mwaka 1997 mashirika yao yaliunda umoja wa kudai haki zao katika sheria mpya.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na ndiyo inayotawala mikutano ya Kyela hadi leo. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu iliyotolewa kwanza. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji, lenye kazi ya kusuluhisha, lina wajumbe 7, na wasiopungua 3 ni wanawake. Serikali ikitaka kuigeuza ardhi ya kijiji kuwa ya kundi jingine, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni na waziri huamua. Mstari huo wa hekta 250 hauzungumzwi vya kutosha. Juu yake, kijiji kinashauri tu.

Mwaka 2007 ikaongezwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, inayoifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya mipango. Utaratibu ukifuatwa kwa uaminifu huchukua wiki kadhaa. Wataalamu wa wilaya hufika, mkutano mkuu huitishwa, na kamati ya matumizi ya ardhi huchaguliwa, wanaume na wanawake. Kamati huzunguka kijiji kwa miguu pamoja na wazee na vijana, wakichora ramani chini kwa vijiti na majani: huku makazi, huku mpunga, huku kakao na migomba, pale chanzo cha maji, pale njia ya ng'ombe, pale makaburi. Mipaka na vijiji jirani huthibitishwa kwa pande zote mbili kutembea pamoja na kutia saini. Rasimu hurudi kwenye mkutano mkuu, hupingwa, hurekebishwa, hupitishwa, kisha hutungiwa sheria ndogo na kupelekwa halmashauri ya wilaya. Baada ya hapo ndipo hati miliki za kimila huweza kutolewa.

Mahali panapoumiza ni pale rasimu inaporudi. Ramani sasa iko kwenye karatasi kubwa, imechapishwa kwa rangi, imebandikwa ukutani. Kwa watu wengi waliohudhuria, jambo lililochapishwa limekwisha kuamuliwa. Mzee anayejua kwamba eneo lililotiwa rangi ya makazi hujaa maji kila baada ya miaka michache huona haya kumsahihisha kijana mwenye kompyuta. Mwanamke anayelima kipande cha bondeni cha baba mkwe wake hajui kama jina lake litaingia, na mbele ya shemeji zake si rahisi kuuliza. Muhtasari huandikwa, watu hutia saini ya mahudhurio, na saini hiyo baadaye husomwa kama saini ya kukubali. Mgogoro ukifika mbele ya vyombo vya sheria, swali la kwanza huwa: muhtasari uko wapi? Kipande cha karatasi kilichoandikwa na mtendaji saa kumi jioni ndicho kinachobeba haki ya watu mia tatu.

Ufuoni mambo yamebana zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, ufuo wa ziwa ukiwamo. Matema, chini ya milima ya Livingstone, mita hizo 60 ndizo zinazotakiwa na kila mtu: mvuvi wa kuanika dagaa na kuvuta mitumbwi, mfinyanzi wa Kikisi anayeshusha vyungu vyake kutoka Ikombe, mjenzi wa nyumba za wageni, na mchunga ng'ombe. Mashamba nayo hayana kwingine pa kwenda. Tena ufuo wenyewe husogea pamoja na kina cha ziwa, kwa hiyo mita 60 za mwaka mmoja si mita 60 za mwaka mwingine. Sheria imeweka kipimo. Namna ya kugawana kilichobaki nyuma ya kipimo, nani apite wapi kwenda majini, na njia gani isifungwe na uzio wa hoteli, hayo ni mambo ya mkutano wa kijiji. Pale ambapo njia za wavuvi zimeandikwa mapema katika mpango, mwekezaji akija hukuta njia na kujenga pembeni yake. Pale ambapo hazikuandikwa, wavuvi ndio hulazimika kuthibitisha kwamba walikuwa wakipita.

Mjini Kyela hali ni nyingine. Kijiji kikimezwa na mji mdogo, mkutano mkuu wake hutoweka pamoja na mamlaka yake. Hubaki vitongoji na wenyeviti wake. Matumizi ya ardhi huongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007, ambayo nayo inataka umma ushirikishwe, lakini kwa mikutano ya wadau, na mdau ni yule aliyeitwa. Shamba la mpunga huwa viwanja, na mwenye shamba hugeuka mwenye viwanja vichache au mpokea fidia. Miji lazima ikue. Wilaya ilikuwa na watu 221,490 katika sensa ya 2012, wakiwa wamebanwa kati ya mlima na maji. Ndiyo sababu kijiji kinachoona mji unakisogelea kingepaswa kufanya mpango wake kabla mji haujafika, ili siku ya upimaji kiwe na hati mkononi.

Jambo kubwa lililo mbele sasa liko Songwe. Tanzania na Malawi zimekubaliana kuuendeleza mto huo kwa pamoja. Mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa bonde la Songwe, na tume ya pamoja ikaundwa. Mipango inajumuisha bwawa la kuzalisha umeme wa takriban megawati 180, skimu za umwagiliaji pande zote mbili, na kuimarisha kingo za chini ili mto, na mpaka wa nchi pamoja nao, usiendelee kuhama. Mto ukitulizwa, mashamba ambayo leo yako upande huu kesho yako upande ule yatapata mwenyewe wa kudumu. Ardhi iliyokuwa ya mafuriko itakuwa ya skimu, yenye mifereji, ada na orodha ya wanachama. Orodha hiyo ndiyo ugavi mpya. Nani ataingia: aliyelima kabla ya mto kuhama, au aliyelima baada? Mume peke yake, au mume na mke? Mlimaji wa ng'ambo mwenye ndugu upande huu?

Watu wa Ngana, Katumbasongwe na Ikolo wana majibu ya maswali hayo, kwa sababu wamekuwa wakiyatatua wenyewe kwa wenyewe kila baada ya mafuriko, na jirani zao wa Karonga vilevile. Sheria inasema mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau kila baada ya miezi mitatu. Kabla mkandarasi hajaweka bikoni ya kwanza, kuna muda wa kukutana mara nyingi, mwezi Agosti na Septemba, mpunga ukiwa umeshavunwa na njia zikiwa kavu, ajenda ikisomwa kwa Kinyakyusa na ramani ikiwa bado ni mistari ya vijiti juu ya udongo, ambapo bibi yeyote anaweza kuinama na kuisogeza.